Filamu mpya sebuleni: Kwa nini kuikodi hugharimu dola 20

SIKU ya mwisho ya mwaka 2024, filamu ya Wicked, ambayo ilikuwa ingali ikionyeshwa katika majumba mengi ya sinema nchini Marekani, ilianza kukodishwa majumbani kwa njia ya intaneti. Bei ya kuikodi ilikuwa dola za Marekani 19.99, na aliyetaka kuinunua alitakiwa kulipa dola 29.99. Wakati huo zilikuwa zimepita siku 39 tu tangu ilipoingia katika kumbi za sinema Novemba 22. Kampuni ya Universal, ambayo ndiyo yenye filamu hiyo, ilieleza baadaye kuwa katika wiki ya kwanza pekee mauzo na ukodishaji huo viliingiza takriban dola milioni 70 nchini humo.

Mwenye subira hakulipa kiasi hicho. Machi 21, 2025, yaani siku 80 baadaye, filamu hiyo hiyo iliwekwa katika huduma ya Peacock, ambayo kifurushi chake cha bei ya chini, chenye matangazo, wakati huo kilitozwa dola 7.99 kwa mwezi mzima. Ndani ya kifurushi hicho mlikuwamo pia filamu nyingine kadhaa, michezo na tamthilia. Kwa hesabu hiyo, aliyekodi mwanzoni alilipa dola 12 za ziada ili asisubiri siku 80.

Wengi hujiuliza ni kwa nini kutazama filamu kwa siku mbili kugharimu zaidi ya usajili wa mwezi mzima. Gharama ya kuisafirisha filamu kwenye mtandao ni ndogo, na tena ni ile ile siku ya kwanza na siku ya mia moja. Kinachopanda na kushuka ni thamani ya kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuitazama. Makampuni ya Hollywood yamekuwa yakiuza muda huo kwa takriban nusu karne sasa, na kila teknolojia mpya ilipoingia, ugomvi ulizuka upya kuhusu nani alipwe, kiasi gani, na baada ya siku ngapi.

Bei ya nyumba, si ya kichwa

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba jumba la sinema hutoza kwa kichwa, lakini filamu ya kukodi hutozwa kwa nyumba. Mwaka 2019, wa mwisho kabla ya janga la corona, wastani wa bei ya tiketi moja nchini Marekani ulikuwa dola 9.16. Baba, mama na watoto wawili walihitaji dola 36.64 kupita mlangoni, na hapo hawajanunua bisi wala soda, hawajalipia maegesho ya gari. Familia hiyo ikibaki nyumbani na kulipa dola 19.99, inaokoa karibu nusu ya fedha zake. Mtu anayeishi peke yake, kwa upande mwingine, akilipa kiasi hicho anakuwa ametoa zaidi ya mara mbili ya bei ya tiketi ili aitazame filamu kwenye kioo kidogo, katika kiti chake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo haishangazi kwamba filamu za watoto ndizo zilizotamba zaidi katika biashara hii. Gazeti la The New York Times liliripoti mwaka 2023 kuwa Universal ilikuwa imekwisha kukusanya zaidi ya dola bilioni moja kutokana na ukodishaji wa aina hiyo katika muda usiofika miaka mitatu, na filamu iliyoongoza ilikuwa ya katuni ya The Super Mario Bros. Movie, ikifuatiwa na nyingine zikiwamo Sing 2 na The Croods: A New Age. Mtoto hupenda kurudia kutazama kile alichokipenda, na mzazi mwenye watoto watatu ndani ya nyumba siku ya mvua haoni dola 20 kuwa ni fedha nyingi.

Waliopanga bei hii walikuwa na familia ya Kimarekani akilini. Katika mitaa yetu, ambako luninga yenye kitu kipya hukusanya watoto wa nyumba tano na baadhi ya wazazi wao, gharama kwa kila mtazamaji ingeshuka hadi kuwa senti. Jambo hilo halikatazwi, ili mradi hakuna kiingilio mlangoni. Aliyekodi akianza kutoza watu fedha, basi amekuwa mwonyeshaji wa sinema, na leseni aliyolipia haimruhusu.

Kutoka dola 10 hadi dola moja

Ikumbukwe kwamba kukodi filamu kulianza kwa bei kubwa kuliko ya leo. Mwaka 1977, mfanyabiashara Andre Blay wa kampuni ya Magnetic Video, katika jimbo la Michigan, alipata idhini ya kampuni ya 20th Century Fox ya kuuza kanda za filamu zake 50. Kanda moja iliuzwa kwa takriban dola 50. Muda si mrefu George Atkinson alizinunua kanda hizo na kufungua mjini Los Angeles duka ambalo hutajwa kuwa la kwanza la aina yake nchini Marekani. Wanachama wake walilipa ada ya dola 50 kwa mwaka, kisha dola 10 kwa siku kwa kila kanda waliyochukua. Dola 10 za wakati ule ni sawa na zaidi ya dola 50 za leo, na filamu zenyewe hazikuwa mpya.

Hollywood haikufurahishwa na biashara hiyo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ilimruhusu aliyenunua nakala halali kuiuza tena au kuikodisha bila kumlipa mwenye filamu hata senti. Kanda moja iliweza kukodishwa mara mia, na faida yote ikaenda kwa mwenye duka. Makampuni ya filamu yalijibu kwa kupandisha bei ya kanda zenyewe, hata filamu mpya zikawa zikiuzwa kwa maduka kwa dola 80 hadi 100 kila nakala. Bei hiyo ilimlenga mwenye duka, nayo ndiyo iliyomfanya mtu wa kawaida akodi asinunue. Ndiyo pia iliyosababisha kero ambayo wateja wa miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka vizuri, ya kufika dukani Ijumaa jioni na kukuta nakala zote tatu za filamu mpya zimekwisha kuchukuliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Blockbuster, iliyokuwa na maelfu ya maduka, ilifikia makubaliano na makampuni makubwa ya Hollywood. Kanda iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban dola 65 ikapatikana kwa dola chache tu, kwa sharti kwamba mapato ya ukodishaji yagawanywe, duka likibaki na takriban asilimia 60. Rafu zikajaa nakala. Hayo yalikuwa makubaliano muhimu kuliko yalivyoonekana wakati huo, kwa kuwa mwenye filamu alianza kupata sehemu ya kila ukodishaji mmoja mmoja, kama anavyopata katika kila tiketi ya sinema.

Kisha bei ikaporomoka. DVD iliingia katika soko la Marekani mwaka 1997 na kuuzwa kwa takriban dola 20, bei iliyowafanya watu wanunue badala ya kukodi. Netflix ikaanza kutuma DVD kwa posta mwaka 1998, na baadaye ikatoza ada moja kwa mwezi bila kujali ni filamu ngapi mteja ametazama. Mashine za Redbox, zilizowekwa nje ya maduka ya vyakula, zilikodisha DVD kwa dola moja kwa usiku. Januari 2008 kampuni ya Apple ilianza kukodisha filamu kwa njia ya intaneti kwa dola 3.99 iliyo mpya na dola 2.99 iliyo ya zamani. Mauzo ya DVD, ambayo yalikuwa nguzo kubwa ya mapato ya Hollywood, yakaanza kushuka katika nusu ya pili ya muongo huo.

Majaribio yaliyozimwa

Hapo ndipo makampuni ya filamu yalipoanza kufikiria upya bei ya haraka. Aprili 2011, Sony, Warner Bros., Universal na Fox zilishirikiana na kampuni ya luninga ya satelaiti ya DirecTV kukodisha filamu siku 60 baada ya kuingia katika majumba ya sinema, kwa dola 29.99. Ya kwanza ilikuwa Just Go with It. Wamiliki wa majumba ya sinema walikasirika, na waongozaji na watayarishaji 23, wakiwamo James Cameron na Peter Jackson, walitia saini barua ya kupinga mpango huo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtazamaji akishajua kuwa filamu itafika nyumbani kwake baada ya miezi miwili, ataacha kwenda sinema. Hata hivyo si barua iliyouzima mpango huo. Wateja wenyewe hawakujitokeza kwa wingi.

Oktoba mwaka huo huo Universal ilikwenda mbali zaidi. Ilitangaza kuwa filamu ya Tower Heist ingekodishwa kwa wateja wa kampuni ya Comcast katika miji ya Atlanta na Portland wiki tatu tu baada ya kutoka, kwa dola 59.99. Kampuni ya Cinemark, miongoni mwa wamiliki wakubwa wa majumba ya sinema, ikasema kwamba ikiwa ni hivyo filamu hiyo haitaonyeshwa katika kumbi zake. Siku chache baadaye Universal iliufuta mpango huo kabla ya mteja hata mmoja kulipa.

Matajiri hawakusahauliwa. Kampuni iliyoitwa Prima Cinema iliwauzia mashine ya dola 35,000, na kila filamu mpya waliyotazama kwa mashine hiyo waliilipia dola 500. Mwaka 2016 Sean Parker, aliyejulikana kwa Napster na Facebook, alikuja na wazo la Screening Room, la kisanduku cha dola 150 na filamu za dola 50 siku ile ile zinapotoka, huku hadi dola 20 za kila ukodishaji zikienda kwa majumba ya sinema. Wazo hilo lilizungumzwa sana, likaungwa mkono na baadhi ya waongozaji wenye majina, kisha likafifia bila kuwafikia wateja.

Katika majaribio hayo yote, bei ilibuniwa juu ili isiwatishe wamiliki wa kumbi. Kila ilivyopandishwa, wateja walipungua. Na kila ilivyokaribia kiwango ambacho familia ingekubali kulipa, ndivyo wamiliki walivyotishia kuifungia filamu milango. Kwa miaka tisa hakuna aliyeweza kulivunja fundo hilo.

Machi 2020

Fundo lilivunjwa na ugonjwa. Machi 16, 2020, majumba ya sinema yakiwa yanafungwa kote Marekani kutokana na corona, Universal ilitangaza kuwa filamu zake za The Invisible Man, The Hunt na Emma, zilizokuwa bado mpya, zingekodishwa majumbani kwa dola 19.99 kwa saa 48. Aprili 10 ikatoa Trolls World Tour kwa bei hiyo hiyo bila kungoja sinema zifunguliwe. Gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kuwa katika wiki tatu filamu hiyo ilikodishwa karibu mara milioni tano na kuingiza karibu dola milioni 100 nchini Marekani.

Kiasi hicho peke yake hakitoshi kueleza kilichotokea baadaye. Filamu ya kwanza ya Trolls, ya mwaka 2016, iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 150 katika Marekani na Canada, yaani ilipata fedha nyingi zaidi. Lakini katika majumba ya sinema ya Marekani mwenye filamu hubaki na takriban nusu ya fedha za tiketi, na inayobaki ni ya mwenye ukumbi. Katika kukodisha kwa intaneti, hubaki na takriban asilimia 80. Kwa mgawanyo huo Universal ilipata kiasi cha dola milioni 77 katika wiki tatu, karibu sawa na mgao wa mwenye filamu katika tiketi za filamu ya kwanza kwa miezi kadhaa ya kuonyeshwa kumbini. Mwenye duka la kanda wa mwaka 1977 hakumlipa Fox chochote. Miaka 43 baadaye mizani ilikuwa imegeuka kabisa.

Aprili 28, kampuni ya AMC, kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya majumba ya sinema, ilitangaza kupitia mkuu wake Adam Aron kuwa haitaonyesha tena filamu yoyote ya Universal. Tangazo hilo lilidumu miezi mitatu. Julai 28 pande hizo mbili zilitia saini mkataba ulioiruhusu Universal kukodisha filamu zake majumbani baada ya siku 17 tu, yaani mwisho wa wiki tatu za maonyesho, na AMC ikakubaliwa kupata sehemu ya mapato ya ukodishaji huo. Novemba Cinemark nayo ikaingia katika mpango kama huo, pamoja na kipengele kwamba filamu itakayofungua kwa mauzo ya dola milioni 50 au zaidi isubiri siku 31. Kipindi cha kusubiri, ambacho mwaka 2019 kilikuwa takriban miezi mitatu, kilikuwa kimekatwa hadi kufikia wiki.

Wengine walijaribu njia tofauti. Disney iliitoa Mulan Septemba 4, 2020 kwa dola 29.99 juu ya ada ya mwezi ya Disney+, na miezi mitatu baadaye ikaiachia bure kwa wanachama wote. Julai 2021 ilitoa Black Widow katika sinema na nyumbani kwa siku moja. Kampuni ikatangaza kwa fahari kuwa zaidi ya dola milioni 60 zilipatikana kutoka majumbani katika siku tatu za mwanzo. Kabla mwezi haujaisha, mwigizaji Scarlett Johansson aliishtaki mahakamani, akidai kuwa malipo yake yalitegemea mauzo ya tiketi na kwamba uamuzi wa kuitoa nyumbani ulimpunguzia haki. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano Septemba mwaka huo. Warner Bros. kwa upande wake ilizitoa filamu zake zote za mwaka 2021 katika HBO Max bila malipo ya ziada, uamuzi uliomuudhi sana mwongozaji Christopher Nolan, ambaye kazi yake iliyofuata, Oppenheimer, aliipeleka Universal.

Nani anasubiri, na kwa muda gani

Tangu wakati huo bei imetulia kwa kiasi fulani. Dola 19.99 ndiyo iliyozoeleka, na filamu yenye mvuto wa pekee huweza kutozwa dola 24.99, kama ilivyotozwa Barbie ilipoanza kukodishwa Septemba 12, 2023, siku 53 baada ya kutoka. Baada ya wiki kadhaa bei hiyo hushushwa hadi karibu dola 6, na hatimaye filamu huingia katika huduma za usajili wa mwezi.

Kisichotulia ni idadi ya siku. Oppenheimer, iliyotoka siku moja na Barbie, haikupatikana nyumbani hadi Novemba 21, siku 123 baadaye, na watu waliendelea kujaza kumbi. Filamu iliyoanguka sokoni, kinyume chake, huweza kupatikana kwenye luninga ya mteja kabla ya wiki ya tatu kwisha. Msomaji anayefuatilia mambo haya anaweza kupima mafanikio ya filamu kwa kutazama tu ilikodishwa lini. Kadiri inavyowahi kuja nyumbani, ndivyo inavyoelekea kuwa haikufanya vizuri sinema.

Wamiliki wa majumba ya sinema wanaendelea kulalamika, nao wana takwimu za kuonyesha. Mauzo ya tiketi Marekani na Canada yalikuwa takriban dola bilioni 11.4 mwaka 2019. Mwaka 2024 yalikuwa takriban bilioni 8.7. Kampuni ya Cineworld, mmiliki wa kumbi za Regal, iliomba hifadhi ya mahakama kutokana na madeni Septemba 2022. Mwaka 2025, chama cha wamiliki hao, ambacho sasa huitwa Cinema United, kilitaka kila filamu ikae kumbini pekee kwa siku zisizopungua 45. Mwongozaji Sean Baker, akipokea tuzo ya Oscar Machi mwaka huo, alisema Marekani ilipoteza karibu skrini 1,000 wakati wa janga.

Je, kosa ni la dola 20? Universal imekuwa ikishikilia kwamba mapato ya tiketi hayakuathiriwa sana, kwa kuwa wengi wanaokodi ni watu ambao hawakuwa na nia ya kwenda sinema. Kwa filamu za katuni na zile zenye mashabiki wengi, Wicked ikiwamo, dai hilo linaaminika. Kwa filamu ya kawaida ya watu wazima, ile isiyo na majoka wala mashujaa wanaoruka, hali ni ngumu zaidi kutetea: mtazamaji wake ana umri, ana nyumba yenye luninga kubwa, na amekwisha kujifunza kwamba mwezi mmoja si muda mrefu. Mtazamaji huyo ndiye ambaye kumbi nyingi bado hazijampata tena.

Ufaransa iliamua suala hili lisiachiwe wafanyabiashara peke yao. Huko muda wa kusubiri umewekwa kwa kanuni: filamu iliyoonyeshwa sinema haiwezi kukodishwa nyumbani kabla ya miezi minne kupita, au mitatu ikiwa haikupata watazamaji wengi. Huduma za usajili husubiri zaidi. Chini ya makubaliano ya mwaka 2022 Netflix ilipewa miezi 15, na Disney mwaka 2025 ilikubaliwa miezi tisa baada ya kuahidi kuwekeza asilimia 25 ya mapato yake ya nchini humo katika filamu za Ufaransa na Ulaya. Kwa hiyo Mfaransa hawezi kulipia haraka hata akiwa na fedha. Kabla ya makubaliano hayo Disney ilikasirishwa na masharti kiasi kwamba mwaka 2022 haikuipeleka kabisa filamu yake ya Strange World katika sinema za Ufaransa.

Masharti ya dola 20

Anayelipa apaswa kujua anachokipata. Kwa kawaida filamu iliyokodiwa hukaa katika akaunti ya mteja kwa siku 30, lakini mara tu anapobonyeza kitufe cha kuitazama, hubaki na saa 48. Zikipita, filamu hufungwa hata kama alikuwa amebakiza dakika kumi.

Tofauti ya dola 10 kati ya kukodi na kununua huwavutia wengi, hasa wenye watoto. Lakini neno kununua hapa lina maana finyu. Mteja hapewi nakala iliyo mali yake kama ile kanda ya Magnetic Video. Anapewa leseni, ambayo hudumu kadiri muuzaji atakavyoendelea kuwa na haki ya filamu hiyo. Haruhusiwi kuiuza, kuirithisha wala kuiazima kwa jirani. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inayowataka wauzaji wa mtandaoni kumweleza mteja wazi kwamba anachonunua ni leseni.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki kuna mengine ya kuongeza. Dola 19.99 ni takriban shilingi 2,600 za Kenya au kiasi cha shilingi 50,000 za Tanzania, bei inayopangwa kwa kipato cha mji wa Marekani na si cha Buguruni au Kayole. Aidha, haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi, hivyo filamu inayokodishwa New York leo inaweza isionekane kabisa katika orodha ya mwenye akaunti iliyosajiliwa Nairobi au Dar es Salaam. Pengo hilo ndilo lililowalisha kwa miaka mingi wauzaji wa DVD za kunakili, ambao jijini Nairobi walikuwa wakitoza shilingi 50 kwa filamu, na mabanda ya video ambako wasimulizi kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya waliipa filamu ya kigeni lugha ya mtaa. Kwa bahati mbaya kwa wenye filamu, siku inapoanza kukodishwa kwa halali ndiyo pia siku nakala safi ya wizi inapoanza kusambaa. Ile ya awali, iliyorekodiwa kwa kificho ndani ya ukumbi, huwa na vivuli vya vichwa vya watu.

Netflix, iliyofika katika nchi zetu Januari 2016, ilipunguza pengo hilo kwa wenye kadi ya benki na mtandao wa uhakika, ingawa filamu za makampuni mengine huifikia kwa kuchelewa au zisifike kamwe. Kisha kuna bando. Picha ya kiwango cha HD hutumia hadi GB 3 kwa saa moja, na ile ya kiwango cha juu zaidi hadi GB 7. Wicked ina urefu wa saa 2 na dakika 40. Kwa hesabu hiyo HD peke yake yahitaji takriban GB 8, na anayekatikiwa na bando katikati ya filamu hulazimika kununua jingine huku saa zake 48 zikiendelea kuhesabika.